Kina Atakachoachiwa Kidonge

Ukipita Poggialto ukaamua kukaa kwenye benchi la nje ya baa ya Ilva, kaa taratibu. Mguu mmoja wa benchi lile ni mfupi, na yeyote anayeinuka bila kuaga huwamwagia wenzake kahawa mapajani, ndiyo maana wazee wa pale hawainuki ovyo, wakishakaa, wamekaa. Jumamosi ile asubuhi walikuwa watatu. Kulia alikaa Argante, kinyozi mstaafu, anayeitwa Kipara kwa sababu ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyeiona, maana kofia yake haivui hata padri akimkazia macho. Kushoto alikaa Duilio, mkuu wa stesheni mpaka siku stesheni yenyewe ilipofungwa, anayeitwa Treni. Katikati alikaa Settimio, mfugaji wa kondoo na mshairi, ambaye wanamwita Ricotta kwa ile jibini laini anayoitengeneza, na jina lenyewe halipendi hata kidogo. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, na macho ya Ricotta yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwenye moshi.

— Nimelipata, — alisema Ricotta.

— Nini? Lile jino la bandia? — aliuliza Kipara.

— Neno! Neno la kumwachia Kidonge kesho. Fotosintesi.

Treni alilirudia polepole, anaonja kama mchuzi. — Fotosintesi. Mh. Chumvi imekolea.

— Nilikuwa nakamua, redio inasema. Majani yanakula jua, kondoo wanakula majani, mimi nakula kondoo. Nikasema, hee, kumbe hili neno ni la kwangu! La mchungaji! Miaka yote liko malishoni kwangu na sina habari nalo.

Sasa huyu Kidonge ndiye nani, na kwa nini mtu akeshe kwa ajili yake? Kidonge ni Corrado Pagni, aliyekuwa na duka la dawa pale uwanjani, mtu wa tai na miwani. Na mchezo wa Poggialto ni huu: siku ya sikukuu washairi wawili husimama mbele ya watu, bila zumari wala ngoma, wakajibizana kwa kuimba, kila mmoja anatunga papo hapo. Ubeti una mishororo minane, kila mshororo mizani kumi na moja. Na kuna sharti moja lisilo na msamaha: kina ulichofungia ubeti wako, ndicho mwenzako anachoanzia wake, tena akirudie mara tatu. Ukiachiwa kina chepesi, unapeta. Ukiachiwa kigumu, unatoka jasho mbele ya majirani wote na wakwe zako.

Mwaka jana Kidonge aliufunga ubeti wake kwa neno la haidrojeni, lile wanaloliita idrogeno. Maneno yenye mwisho kama ule ni machache mno, na yote yanaishi kwenye chupa za maabara. Ricotta alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Ndipo huko nyuma kabisa ya umati mtu mmoja, hajulikani mpaka leo, akalia kama kondoo: meee! Uwanja mzima ukaangua kicheko, padri naye akageuka pembeni mabega yanatikisika. Tangu hapo Ricotta amekuwa akiusikia ule mlio kila akipita sokoni. Iliuma, na inamuuma bado.

— Hebu likate, — alisema Treni. — Neno la kisayansi halimezwi zima, litakukwama.

— Fo-to-sin-te-si. Tano.

— Mkazo uko wapi?

— Kwenye SIN.

— Kwenye TE, — alidakia Kipara. — Fo-to-sin-TE-si. Mkazo wa mtu mstaarabu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, umetulia zake.

— Kwa maneno ya nyumbani, sawa. Mkate, mvinyo, mke. Haya ya kisayansi hayatulii, yanahamahama.

— Yanahamahama kwa sababu nyie hamjui kuyashika.

— Wewe unajua?

— Mimi nimewakata nywele madaktari wanne. Wanne! Na daktari akiwa kwenye kiti cha kinyozi huwa anaongea, hana pa kukimbilia.

Treni aliweka kikombe chini, akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama anavyofanya kila akitaka kurudi kazini.

— Nisikilizeni. Neno ni treni. Silabi ni mabehewa. Unapotaka kukata, unakata kwenye kiungio, hukati behewa katikati. Ukiona herufi mbili pacha zimeshikana, hapo ndipo kiungio, unatenganisha: moja inabaki na behewa la mbele, moja inaenda na la nyuma. Na mkazo ni injini. Kila treni ina injini moja.

— Na injini si inakaa mbele? — aliuliza Ricotta.

— Treni za kawaida. Maneno haya yametoka Ugiriki, njia ndefu, milima, wameifunga injini katikati ili isukume na kuvuta.

— Wewe umewahi kuiona treni yenye injini katikati?

— Nimesikia.

Ilva alitoka na sinia. Mwenye baa ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na huwa anasikiliza kila kitu akiwa ndani kisha anatoka na hukumu. Alimpa Treni kahawa yake, ile yenye tone la pombe kali ambalo kwa kweli si tone.

— Injini, injini! — alisema Ilva. — Mkazo unakaa mahali yule profesa wa kwanza alipovuta pumzi. Basi. Wengi wao walikuwa na pumu.

— Pumu?

— Watu wa kukaa vyumbani na vitabu vyenye vumbi, utakosaje pumu? Anasema fo-to, kifua kinabana, anavuta, SIN, halafu anamalizia upesi kabla hajaanguka. Ndiyo mkazo huo. Mimi nikibeba kreti la chupa ngazini naongea kisayansi mpaka juu.

Hata Ricotta alicheka, ingawa moyoni hakuwa na nafasi ya kicheko. Yeye alikuwa anahesabu vidole. Aliyeshindwa mwaka jana ndiye anayeanza mwaka huu, huo ndio utaratibu wa pale. Maana yake ataanza yeye, na Kidonge atapokea chochote atakachotupiwa. Ricotta alikuwa ameingoja nafasi hiyo kuliko alivyowahi kungoja mvua.

— Maneno yenye mwisho kama wa fotosintesi ni mangapi? — aliuliza Treni.

— Mawili, labda matatu. Na mawili nitakuwa nimeyatumia mimi mwenyewe.

— Lo! Mtu wangu, huo si ushairi, huo ni ujambazi.

— Alianza yeye.

— Mimi naona bado ni fupi, — alisema Treni. — Kama ni kuua, ua. Mpige elettroencefalogramma.

— Hiyo ni nini?

— Ile picha ya umeme wa ubongo. Walinipiga nilipoanguka kwenye ngazi. Kata uone: e-let-tro-en-ce-fa-lo-GRAM-ma. Tisa! Treni nzima ya mizigo!

— Tisa kati ya kumi na moja, — alisema Ricotta. — Nimebakiwa na silabi mbili. Nitasema nini na silabi mbili?

— Sema "pole".

— Nimpe pole ndani ya ubeti?

— Silabi mbili, zinaingia.

— Na wewe Treni walikuta nini kwenye hiyo picha ya ubongo? — aliuliza Kipara, uso mkavu kabisa.

— Walisema kawaida.

— Si ndiyo hapo. Kumbe mashine nazo zina adabu.

Treni alipiga mwayo mrefu mpaka machozi yakamtoka.

— Samahanini. Mimi nami silali. Jirani yangu huyo huyo Kidonge. Kugonga, kugonga, tangu Pasaka. Akiamka anagonga, akila mchana anagonga.

— Anagonga nini?

— Ningejua? Ukuta wetu ni mmoja. Nasikia tu: ko, ko, KO, ko. Anapumzika. Halafu tena: ko, ko, KO, ko. Hachoki!

— Kabati, — alisema Kipara. — Anatengeneza kabati la kuwekea vikombe vya ushindi. Cha mwaka jana, na cha kesho ameshakipimia nafasi.

Ricotta aliinamisha kichwa. Kipara alijua amegusa kidonda, akakohoa.

— Natania, bwana.

— Si aliumwa huyu majira ya baridi? — aliuliza Ilva. — Gari la hospitali lilikuja.

— Alipona, — alisema Treni. — Nimemwona dirishani, kasimama wima. Hapokei wageni. Na jina lake liko kwenye tangazo la kesho, ubeti mmoja mmoja na Ricotta, halafu vijana wanaendelea.

— Hatoki kwa sababu anapika maneno, — alisema Ricotta. — Namjua. Amejifungia humo anachemsha idrogeno nyingine. Mniache na fotosintesi yangu. Nikimwachia ile, nisimame nimtazame usoni akiitafuta, basi. Nitakuwa nimepona.

— Ila usiseme SIN, — alisema Kipara. — Utaaibika.

— Kipara, na wewe!

— Nyie mnanifundisha mimi mkazo? Mimi? Kazi yangu yote nimekuwa namtajia mtu ugonjwa wake kwenye kioo, tena kwa upole asilie. Alopecia. Ule wa nywele kuondoka. A-lo-PE-cia. Silabi nne, mkazo kwenye PE.

— A-lo-pe-CI-a, — alisema Treni. — Tano. Ci peke yake, a peke yake.

— Nne!

— Tano! Hayo mabehewa mawili ya mwisho hayajafungwa pamoja, mzee. Hata kamusi inasema CI.

— Kamusi yako ina nywele? Mimi neno hili nimekula nalo, nimelala nalo. Ni PE. Siku mtakayonisikia nasema CI, nitavua kofia uwanjani, mchana kweupe, mbele ya watu.

— Hee! — alisema Ilva. — Mashahidi tupo.

— Mnisikie vizuri. Mbele ya watu!

— Lakini madaktari wenyewe hawaelewani, — alisema Ricotta, akitaka amani. — Mama yangu alipougua mishipa, ule wa mishipa kukakamaa, wa hapa kijijini alisema arterioscle-RO-si. Tukampeleka mjini, yule wa mjini akasema arterio-SCLE-rosi. Wakapigiana simu kubishana. Mama kawatazama, kauliza: nyie, kwani dawa ni tofauti?

— Bila shaka ni tofauti, — alisema Treni. — Mkazo unabadilika kwa mwinuko wa mahali. Huku milimani pumzi ni fupi, mkazo unachelewa. Ukishuka pwani unapanda mbele. Ndiyo maana waandishi wa kamusi hawaelewani, wanakaa ghorofa mbalimbali.

— Siyo hivyo, — alisema Kipara, akasogea, benchi likayumba, kila mtu akashika kikombe chake. Aliteremsha sauti. — Hii siri alinipa daktari wa nne, yule aliyekuwa na masharubu. Ugonjwa una masikio. Ukiutaja kwa mkazo wake halisi, unaitika, unakuja. Ukiukosea mkazo, unapita, unadhani ameitwa mwingine. Ndiyo maana madaktari wanavurugavuruga makusudi. Ni kinga ile!

Ilva alimtazama kofia. Treni alimtazama kofia. Ricotta alijizuia, akajizuia, ikamshinda.

— Basi wa kwako uliutaja sawasawa.

Treni alipaliwa na kahawa. Ilva alimpiga mgongoni kwa sinia. Kipara alitaka kuinuka kwa hasira akakumbuka benchi, akabaki amekasirikia palepale. Kisha naye midomo ikaanza kumcheza.

— Lakini si umekubali, — alisema Kipara, kidole juu. — Mimi nasema PE, na ulikuja. Kwa hiyo mkazo ni PE. Umejishinda mwenyewe, mjinga wewe!

Bado walikuwa wanacheka alipotokea Fiorenza kwenye kona ya kanisa, mke wa Kidonge, na kikapu mkononi. Hawakuwa wamemwona baani tangu majani yalipopukutika. Alikuwa mwanamke wa kujipamba. Leo nywele zilikuwa zimefungwa tu, na sweta lilikuwa la mumewe. Kicheko kilishuka chenyewe. Ricotta alihisi kama mtu aliyekutwa na mkono kwenye chungu.

— Karibu, mama, — alisema Ilva. — Umepotea!

— Nipo, Ilva. Nifungie mikate miwili ya chumvi. Habari zenu, wazee?

— Salama tu, — alisema Treni. Na kwa kuwa Treni kidomodomo chake hakina breki, akaongeza: — Mwambie mzee basi apunguze kugonga, jirani. Hilo kabati litaisha lini?

— Kabati gani?

— Si analotengeneza? Ko, ko, KO, ko.

Fiorenza alimtazama kwa muda. Halafu akaweka kikapu chini.

— Far-ma-CI-a, — alisema. Na alipokuwa akilisema aligonga kwa kifundo cha kidole ukingo wa benchi, mara nne, ya tatu kwa nguvu. Farmacia, duka la dawa. Kila mtu aliutambua ule mdundo.

— Si kabati, Duilio. Miguu imepona, mkono umepona. Ulimi bado. Kile kiharusi kilichukua maneno. Kuna binti hospitali anayewafundisha watu kusema upya. Alimwambia akate neno vipande, kila kipande agonge meza, na pale penye mkazo agonge kwa nguvu, eti mkono unaukumbusha ulimi. Akamwambia achague neno alipendalo la kuanzia. Akachagua jina la duka lake. Maisha yake yote limeandikwa juu ya mlango wake, na aliposhindwa kulisema alikaa jikoni akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Treni alikuwa anatazama viatu vyake.

— Sasa analisema? — aliuliza Ilva.

— Tangu juzi. Zima, bila meza. Na yale yenye mkia kama ule yanamfuata, -ia, -ia, kama bata. Kuimba ni rahisi kuliko kusema, sijui kwa nini, hata binti yule anashangaa. Lakini mengine, yale yenye kona kona, aliyokuwa akiyarusha zamani kama njugu, yanamwangusha. Anaishia katikati, anatazama tu. Nimemsihi ajitoe kesho. Anatikisa kichwa. Hataki mtu ajue, hataki mtu amwonee huruma. Afadhali wamzomee, aliniandikia hivyo.

Ilva alileta mikate. Hakuna aliyegusa kahawa. Fiorenza alichukua kikapu chake, akamgeukia Ricotta, na wala sauti yake haikuwa ya kulaumu.

— Kesho unaanza wewe, sivyo, Settimio?

— Ndiyo.

— Utamwachia kina gani?

Ricotta alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fo-to-sin-te-si, limekaa tayari kwenye ulimi, amelala nalo na kuamka nalo. Akaufunga mdomo. Alijiona yuko uwanjani tena kama mwaka jana, ila safari hii hakuna aliyelia kama kondoo. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alimtazama Treni, Treni bado yuko na viatu. Alimtazama Kipara, mtu mwenye majibu ya madaktari wanne. Kipara alikuwa anakoroga kikombe kitupu.

Fiorenza alingoja kidogo.

— Haya. Nimeuliza tu. Msimwambie kuwa nilipita hapa.

Akaenda zake. Walimsindikiza kwa macho mpaka alipoishia kwenye kona ya kanisa.

— Si mlikuwa mnajua mikazo yote nyie? — alisema Ilva mwishowe, lakini bila ukali.

— Mimi nilimgongea ukuta, — alisema Treni. — Kwa fagio. Anyamaze.

— Hukujua.

— Nilimgongea kwa fagio, Ilva.

Ricotta alivuta pumzi ndefu.

— Ni -ia, — alisema. — Lazima nimwachie -ia. Hicho atakimudu.

— Basi tatizo liko wapi? — aliuliza Ilva. — Maneno ya -ia yamejaa tele. Njia ni via, yangu ni mia, furaha ni allegria, wimbo wenyewe ni melodia, yote yanaishia hivyo.

— Ndiyo tatizo lenyewe! Nikimaliza kwa neno jepesi kama hilo, mimi, niliyechekwa mwaka mzima, nimeapa hapa kila siku kwamba nitamnyonga, uwanja mzima utajiuliza, imekuwaje Ricotta amekuwa malaika? Na Kidonge ataelewa kabla ya wote. Ataelewa nimemhurumia. Hatanisamehe, na mimi nisingemsamehe. Lazima liwe neno la kisayansi. Refu, baya, la kutisha, watu washike vichwa waseme, jamani, mchungaji amekuja na kisu. Na mkia wake uwe -ia.

— Atakushinda tena, — alisema Treni. — Kwa kina hicho atakula atashiba.

— Atanishinda.

— Na wakilia meee?

— Si nina zizi zima nyumbani? Nimezoea.

Alilisema upesi, kama mtu anayejing'oa mwiba. Halikuwa jepesi. Ile fotosintesi aliipenda, ilikuwa ya kwake, ya malishoni kwake, na sasa anairudisha majanini. Ilva alimmiminia kahawa ambayo hakuwa ameiomba.

Walianza kutafuta. Treni alitaja ugonjwa wa mapafu, wakaona ni mkosi kuutaja siku ya sikukuu. Ilva alitaja wa tumbo, wakasema watu watakuwa wanakula. Ricotta alitaka neno la kuchekesha pia, maana uwanja ukicheka, mtu anayefuata anapata nafasi ya kupumua kabla hajaanza. Kidonge angehitaji kupumua.

— La kisayansi, — alirudia Treni, anahesabu vidole. — Refu. La kuchekesha. Linaishia -ia, na mkazo uko pale pale pa farmacia. Maana mkazo ukirudi nyuma, kina kimevunjika, atakuwa hana pa kushika.

Taratibu sana, kichwa chake kikageuka upande wa kulia. Kichwa cha Ricotta kikageuka. Ilva alikuwa ameshageuka kabla yao.

— Msinitazame, — alisema Kipara.

— Argante, — alisema Ricotta. Jina lake halisi. Kwenye benchi lile halikuwa limetumika tangu mazishi ya mkewe.

— Nimesema msinitazame. Neno lile mkazo wake ni PE. Nimeapa. Mmenisikia nimeapa, si muda mrefu, kahawa ilikuwa bado ina moto.

— Tumekusikia.

— Na utanitungia mimi? Mishororo minane ya kichwa changu? Mbele ya kijiji?

— Miwili tu. Ya mwisho.

— Miwili inatosha kumuua mtu! Nimeificha hii kitu... — Mkono ulikuwa umepanda wenyewe ukashika ukingo wa kofia, ukaikandamiza chini. Kinyozi asiye na nywele: wateja wa kwanza walimcheka, akanunua kofia, na tangu hapo amekuwa akiinunua ileile kila ikichakaa. Ricotta aliyajua hayo yote. Ndiyo maana hakumbembeleza. Alikaa tu, naye Treni akakaa.

— Niongezee kahawa, — Kipara alimwambia Ilva.

— Imekwisha. Nachemsha nyingine.

— Acha.

Ndipo wakaisikia. Pengine ilikuwa inasikika siku zote, ila hawakuwahi kunyamaza vya kutosha. Kutoka ng'ambo ya uwanja, kwenye dirisha la juu la duka lililofungwa: ko, ko, KO, ko. Ikapumzika. Ko, ko. Ikakosea, ikaanza upya. Ko, ko, KO, ko.

Kipara alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika kofia kwa mikono miwili, akaivua, akaiweka gotini. Kichwa kilikuwa cheupe, kidogo kuliko walivyodhani, na juu kulikuwa na nywele tatu nne zilizobaki kama zimesahauliwa na wenzao. Hakuna aliyecheka.

— A-lo-pe-CI-a, — alisema Kipara. — Silabi tano. Mkazo kwenye CI. Na atakayesema nimewahi kusema vingine, ni mwongo.

— Mwongo mkubwa, — alisema Treni.

— Kesho nakaa mstari wa mbele, nikiwa hivi hivi, jua linimulike vizuri, ili wacheke mpaka yule mzee apate pumzi zake. — Alimgeukia Ricotta, macho yamelowa na kidole kimemwelekea kifuani. — Ila ubeti uwe mzuri, Ricotta. Sivui kofia kwa ubeti mbovu.